Aliyeifunga Amana Amekufa, Nani Aifungue?

Machi 1841 kijana wa Kiingereza aitwaye Daniel Wright Vautier alitimiza miaka 21, na kwa sheria ya siku zile akawa mtu mzima. Kulikuwa na mali inayomngoja. Marehemu Richard Wright alikuwa ameagiza katika wosia wake kwamba hisa zake za Kampuni ya India ya Mashariki zishikwe na wadhamini kwa ajili ya kijana huyu, gawio lake lilimbikizwe juu ya mtaji, na siku atakapofika miaka 25 akabidhiwe vyote. Vautier hakuona kwa nini angoje miaka minne zaidi. Mali ilikuwa yake, hakuna mwingine aliyetajwa kuipata endapo yeye angekufa kabla ya umri huo, na aliyeweka sharti la kungoja alikuwa kaburini. Akaenda mahakamani. Lord Langdale aliamua apewe, na shauri lilipofika mbele ya Lord Cottenham uamuzi ukabaki ulivyo.

Kesi hiyo, Saunders dhidi ya Vautier, ndiyo asili ya kanuni ambayo mpaka leo mwanasheria wa Uingereza huitaja kwanza anapoulizwa kama watoto wanaweza kuivunja amana ya mzazi aliyefariki. Kanuni yasema hivi: wanufaika wote wakiwa watu wazima, wenye akili timamu, na kwa pamoja wakiwa ndio wenye haki yote katika mali ile bila kubaki hata chembe ya mtu mwingine, wanaweza kumwambia mdhamini awakabidhi mali, na amana ikaisha siku hiyo. Alichotaka marehemu hakiwazuii.

Nieleze kidogo maneno, maana yatarudi. Amana ninayoizungumzia ni mali iliyotoka kwa mtu mmoja, yaani mweka amana, ikashikwa na wa pili, mdhamini, kwa manufaa ya wa tatu, mnufaika. Huitwa isiyotenguliwa pale mwekaji alipojivua uwezo wa kuirudisha au kuibadilisha. Wengi huingia humo bila kujua. Marekani ni jambo la kawaida mzazi kuandika amana anayoweza kuigeuza wakati wowote wa uhai wake, mdhamini akiwa yeye mwenyewe, na siku anapokata roho hati ileile hujifunga. Watoto waliozoea kusikia kwamba mama akitaka atabadilisha, hugundua baada ya matanga kwamba hayupo tena wa kubadilisha.

Na kifo chake hufunga mlango uliokuwa mpana kuliko yote. Katika majimbo mengi ya Marekani, mweka amana akiwa hai na wanufaika wote wakikubaliana naye, amana inaweza kuvunjwa hata kama kuivunja kunapingana na lengo lake, kwa kuwa mwenye lengo yupo na amesema mwenyewe kwamba amebadili nia. Akishakufa, hakuna wa kuulizwa. Imebaki karatasi, na watu watakaovutana juu ya kilichokusudiwa na karatasi hiyo.

Hapa ndipo Wamarekani walipoachana na Waingereza. Wilbur Claflin wa Massachusetts alikuwa amemwachia mwanawe fungu lake chini ya wadhamini kwa awamu: dola 10,000 akifika miaka 21, dola 10,000 nyingine akifika 25, na kilichobaki chote akifika 30. Kijana alipokea zile za kwanza, kisha kabla ya kufika 25 akafungua kesi kudai zilizobaki. Hoja yake ilikuwa ileile ya Vautier: mali ni yangu, hakuna mwingine mwenye haki nayo, nipeni. Mwaka 1889 mahakama kuu ya jimbo ikamkatalia. Mtu ana ruhusa ya kutoa mali yake kwa masharti anayoyapenda, walisema majaji, maadamu masharti hayo hayavunji sheria wala hayadhuru umma. Na baba kutotaka mwanawe mchanga akamate fedha nyingi kwa mkupuo mmoja si jambo lisilo na maana.

Hukumu mbili, miaka 48 kati yake, na mambo yanayofanana karibu yote. London mahakama iliuliza mali ni ya nani. Boston iliuliza aliyeitoa alitaka nini. Kila mtu anayetaka kuivunja amana leo anaingia katika moja ya njia hizo mbili, na ushauri wa bure anaopewa na jamaa aliye nchi nyingine unaweza kumpotosha kabisa kwa sababu hiyo tu.

Kutokana na kesi ya Claflin likazaliwa jambo wanaloliita lengo la msingi. Sheria ya mfano ya amana iliyotungwa mwaka 2000, na ambayo zaidi ya majimbo 30 ya Marekani yameichukua kila moja kwa marekebisho yake, inasema kwamba mweka amana akishakufa, wanufaika wote wakikubaliana wanaweza kuiomba mahakama iivunje amana, na mahakama itakubali ikiridhika kwamba kuendelea kwake hakuhitajiki tena kutimiza lengo lolote la msingi. Kwa hiyo ridhaa ya wote peke yake haitoshi. Lazima pia kuonyesha kwamba kazi ya amana imekwisha.

Tulione jambo hili kwa mfano wa kubuni. Mama amefariki, ameacha nyumba na akiba ya benki ndani ya amana, na watoto watatu. Hati inasema kila mmoja atapewa fungu lake akitimiza miaka 35. Mkubwa ana 41 na amekwisha kuchukua lake. Wa kati ana 33. Kitindamimba ana 28. Wamekaa mezani jikoni kwa marehemu, hati iko mbele yao, ada ya mdhamini inakula akiba kila mwaka, na wote watatu wanasema: tugawane tumalize. Wakienda mahakamani, jaji ataanza na swali dogo: kwa nini 35? Kama hati yenyewe inaonyesha mama aliogopa ujana, basi ujana wa kitindamimba haujaisha, na ridhaa yake mwenyewe ndiyo hasa mama aliyoikinga. Kama hati inaeleza kuwa fedha zishikwe ili watoto wasomeshwe, na wote wamekwisha kuhitimu, lengo limetimia na jaji ana sababu ya kufungua. Sasa tuseme kitindamimba ana deni la kamari. Ndugu zake wanajua. Wakimwombea fungu lake leo, wanamwombea mkeka mwingine wa kubeti.

Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu katika mazungumzo ya kuvunja amana sauti inayosikika ni ya wenye haraka. Mdhamini anachorwa kama mtu wa kuchelewesha, na marehemu kama mtu aliyetaka kutawala kutoka kaburini. Mara nyingine ni kweli kabisa. Lakini kuna amana zilizofungwa na mzazi aliyekesha akiwaza juu ya mtoto mmoja, akaandika sharti kwa watoto wote ili yule mmoja asiaibike mbele ya wenzake. Huwezi kulijua hilo kwa kusoma namba 35. Wakili mwenye moyo huwauliza ndugu wote watatu, kila mmoja faraghani, kabla hajaandika ombi lolote. Na mara nyingi jibu lipo katikati: sheria hiyo ya mfano inamruhusu mdhamini, baada ya kuwaarifu wanufaika, kuigawa amana moja kuwa mbili au tatu ilimradi haki ya mtu isipungue. Wa kati, ambaye bado miaka miwili, akaombewa afunguliwe lake. La kitindamimba likabaki chini ya ulinzi.

Hati nyingi za Marekani zina pia kipengele cha kumkinga mbadhirifu: mnufaika hawezi kuuza wala kuweka rehani haki yake, na wanaomdai hawawezi kuikamata kabla haijafika mkononi mwake. Zamani majaji walikichukulia chenyewe kuwa ni lengo la msingi, na ombi likafia hapo. Waandishi wa sheria ya mfano walitaka kisichukuliwe hivyo moja kwa moja, kwa kuwa mawakili wengi hukitia katika kila hati bila mteja kukiomba. Majimbo hayakukubaliana juu ya hilo, kwa hiyo ni la kuangaliwa jimbo kwa jimbo.

Lakini kikwazo kizito kuliko vyote, Uingereza na Marekani, ni watu ambao hawamo chumbani.

Mara nyingi hati haiishii kwa watoto. Husema nyumba na fedha ni kwa manufaa ya binti maisha yake yote, kisha ziende kwa uzao wake utakaokuwa hai siku ya kufa kwake. Binti ana miaka 60, wanawe wawili ni watu wazima, wote watatu wanataka kugawana. Je, wote wenye haki wamekubali? Hapana. Kuna wajukuu wadogo, na kuna ambao hawajazaliwa. Sheria ya zamani ya Uingereza ilikuwa kali hapa kiasi cha kushangaza. Katika kesi ya Jee dhidi ya Audley ya mwaka 1787, mume na mke wenye miaka 70 kila mmoja walihesabiwa kuwa bado wanaweza kupata mtoto, na mtoto huyo wa kufikirika akatosha kuharibu mpango mzima. Dhana hiyo imelegezwa sana tangu hapo, ila msingi wake ningeutetea popote: asiyekuwepo hawezi kupokonywa haki kwa sababu tu hana mdomo wa kukataa.

Mwaka 1954, katika kesi ya Chapman, majaji wa ngazi ya juu kabisa Uingereza walisema mahakama haina uwezo wa jumla wa kubadilisha amana kwa niaba ya watoto, hata kama kubadilisha kungewafaa. Bunge likajibu kwa sheria ya 1958, inayompa jaji uwezo wa kuridhia kwa niaba ya mtoto mdogo, mtu asiyeweza kujiamulia, aliye tumboni na asiyezaliwa. Angalia ilivyopangwa. Jaji hatoi ridhaa kwa ajili ya watu wazima. Hao wajisemee wenyewe. Anasimama mahali pa wale wasio na sauti, na kwa sehemu kubwa ya hao haruhusiwi kukubali mpango usiowaletea faida.

Kesi moja ya 1997, Goulding dhidi ya James, inaonyesha uzani huo kwa karibu. Mama alikuwa ameandika kwamba bintiye apate mapato tu ya mali maisha yake yote, asiguse mtaji, na mjukuu aupate mtaji akifika miaka 40. Asipofika, uende kwa vitukuu. Kulikuwa na ushahidi kwamba mama alimaanisha hasa hivyo, kwani hakumwamini mkwewe na aliona mjukuu bado hajatulia. Baada ya kifo chake, binti na mjukuu wakaleta mpango wao: asilimia 45 kwa binti, 45 kwa mjukuu, na 10 iwekwe kwa ajili ya vitukuu ambao hata hawajazaliwa. Jaji wa kwanza alikataa kwa heshima ya marehemu. Mahakama ya Rufaa ikakubali. Fungu la vitukuu lilikuwa kubwa kuliko thamani iliyokadiriwa ya bahati yao ya kurithi, kwa hiyo wao wamefaidika. Binti na mjukuu ni watu wazima wenye mali yao. Matakwa ya mama, hata yalivyo wazi, hayakuwa na uzito wa kuzuia. Hukumu kama hiyo ingekuwa ngumu kuipata Massachusetts.

Tusidhani hata hivyo kwamba faida hupimwa kwa fedha tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika kesi ya Weston, familia iliomba kuihamishia amana kisiwa cha Jersey ili kukwepa kodi. Lord Denning alikataa, akieleza kwamba kuna mambo kwa watoto yenye thamani kuliko mali, na kulelewa katika nchi yao ni mojawapo.

Huko Marekani njia ya kawaida ni uwakilishi. Mzazi anaweza kumsemea mtoto wake mdogo na hata asiyezaliwa, ilimradi maslahi yao hayagongani. Shida ni kwamba katika kuvunja amana hugongana mara nyingi mno. Binti wa mfano wetu akikubali mtaji ugawanywe sasa kati yake na wanawe wakubwa, kila dola anayopewa imetoka katika fungu ambalo wajukuu wangeweza kulipata. Huyo hawezi kuwa msemaji wao. Mahakama humteua mtu wa nje awawakilishe, na ada yake hutoka kwenye mali. Familia hunung'unikia gharama hiyo. Mimi naiona kuwa ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika shauri zima.

Ipo milango mingine ambayo haihitaji kugombana na marehemu, na inastahili kujaribiwa kwanza. Wa kwanza ni kuisoma hati kuanzia mstari wa juu mpaka sahihi, kitu ambacho wanufaika wengi hawajawahi kukifanya. Huenda mdhamini amepewa hiari ya kutoa mtaji wote kwa mahitaji ya mnufaika. Akiutoa kihalali, amana inabaki tupu na kuisha yenyewe. Amana ndogo nayo ina njia yake: sheria ya mfano inamruhusu mdhamini kuifunga baada ya kutoa taarifa ikiwa mali haifiki dola 50,000 na gharama za kuiendesha hazina maana tena, kiwango ambacho majimbo kadhaa yamekibadilisha. Hali isiyotazamiwa na marehemu ni sababu nyingine ya kuiomba mahakama ifungue. Kisha ipo njia ya kumimina, yaani mdhamini mwenye hiari pana juu ya mtaji kuihamishia mali katika amana mpya yenye masharti bora, kama mtu anayemimina maji toka mtungi wenye ufa kwenda mtungi mzima. Mahakama ya Florida iliikubali mwaka 1940, na New York ikawa jimbo la kwanza kuitungia sheria mwaka 1992. Hii haivunji amana, lakini mara nyingi huondoa karaha iliyowafanya watu watake kuivunja.

Anayedai kwamba amana ilikuwa batili tangu mwanzo, kwamba marehemu alirubuniwa au hakuwa na akili zake, hana kesi ya kuvunja. Ana kesi ya kupinga, yenye ushahidi wake na muda wake mfupi wa kufunguliwa.

Kodi nayo huwakuta watu wakiwa wamekwisha kupeana mikono. Mwaka 2024 Mahakama ya Kodi ya Marekani iliamua shauri la amana iliyoachwa na mke: mume apate mapato mpaka kufa, kisha mali iende kwa watoto. Baba na watoto wakakubaliana kwa maandishi, bila kwenda mahakamani, kwamba amana iishe na mali yote ichukuliwe na baba. Walidhani wamerahisisha mambo. Mahakama ikasema watoto, kwa kuachia haki yao ya baadaye bila kulipwa, wamempa baba zawadi inayotozwa kodi. Na hata pasipo kodi, mdhamini mwenye busara hatoi hundi mpaka hesabu za mwisho zisomwe na kila mnufaika atie sahihi hati ya kumwondolea madai, huku akibakiza kiasi fulani kwa ankara zitakazochelewa. Mnufaika asitie sahihi hesabu asizozielewa.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili limo ndani ya sheria zetu zaidi ya tunavyodhani. Kenya ilipokea misingi ya haki ya Uingereza kama ilivyokuwa 12 Agosti 1897, Uganda 11 Agosti 1902, Tanganyika 22 Julai 1920. Kanuni ya Vautier ya 1841 ilikuwa imekwisha kukomaa tarehe zote hizo, kwa hiyo ilisafiri pamoja na mizigo. Sheria ya 1958 ya kuwasemea wasiozaliwa haikuingia kwa mlango huo. Kwa familia za Kenya zinazoandikisha amana za familia tangu marekebisho ya sheria ya 2021, hili ni la kumuuliza wakili kabla ya kutia sahihi: wajukuu wangu wakitaka kufungua, nani atawasemea walio wadogo?

Pwani tuna kitu kinachofanana na amana lakini kina roho nyingine, nacho ni wakfu. Zanzibar taasisi inayovisimamia vyote viwili inaitwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na majina hayo mawili hayakuwekwa pamoja kwa kujirudia. Mali ya wakfu imesimamishwa: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Wanufaika wana haki ya manufaa, kodi ya nyumba au mavuno ya minazi, basi. Hawana umiliki ambao wakiukusanya pamoja ungeweza kuwa mzima mikononi mwao kama ule wa Vautier. Majaji wa Kiingereza walitatizika na hili. Baraza la Rufaa la London mwaka 1894 lilibatilisha wakfu wa familia wa India kwa kuuona kuwa hila ya kufunga mali milele chini ya kivuli cha sadaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 likautumia msimamo huohuo katika kesi ya Bakhshuwen iliyotoka Kenya. Sheria ya Kenya ya 1951 ilizitambua wakfu za familia waziwazi. Nchi nyingine zilikwenda upande wa pili: Misri ilizifuta wakfu za familia mwaka 1952.

Tuichukue nyumba ya wakfu ya ghorofa moja katika mji wa kale, imewekwa na babu wa babu. Boriti zimeoza, mpangaji mmoja amebaki chini, na kodi yake ikigawanywa kwa wajukuu na vitukuu haitoshi nauli ya kwenda kuichukua. Wote wameandika kwamba wanataka iuzwe wagawane. Katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, ridhaa hizo hazifungui kitu. Kinachoweza kufikiriwa ni istibdali, kubadilisha mali iliyokufa kwa mali hai itakayobeba wakfu uleule. Mafakihi wa Kihanafi waliupanua mlango huo, wa Kishafi, ambao ndio wengi katika pwani yetu, waliubana sana. Na hata unapofunguliwa, anayeleta karatasi ya sahihi za ukoo mzima lazima aseme pia nyumba ya badala iko wapi.